Umri wa Shimo Letu

11 Februari

Kaka, shikamoo.

Ningekupigia pale dukani, lakini kila nikipiga tunaishia kuulizana "unanisikia?" mpaka salio linakwisha, na kila mtu anaenda zake akijua tu kwamba mwenzake anapumua. Bora niandike. Tena Mama anapenda barua, kwa sababu barua haimkatizi.

Hatimaye nimepewa zamu yangu kwenye mashine ya kupimia umri wa mawe. Iko chini kabisa ya jengo, chumba hakina dirisha, na pampu zinanguruma mfululizo kama kinu cha kusaga nafaka. Humo ndimo ninamotaka kuutafuta umri wa Shimo. Unamkumbuka yule mtaalamu wa miamba aliyekuja tukiwa shule ya msingi, aliyemwomba Mama amshonee mfuko wa turubai? Aliondoka na jiwe moja, akalipima, akaandika kwamba kimondo kilichochimba Shimo kilianguka miaka karibu milioni sitini na sita iliyopita. Namba hiyo ndiyo mji mzima unaishikilia hadi leo. Lakini alipima jiwe moja tu, na kwa vifaa vya enzi zake.

Mawe niliyobeba nilipokuja likizo hayafai. Niliyaokota juu juu, yameliwa na mvua na jua. Namba zilizotoka siziamini, kwa hiyo sizitaji.

Naomba uniokotee mengine. Nenda kwenye ule ukuta wa machimbo ya zamani, upande wa chini ambako baba zetu walikuwa wakivunja mawe ya kujengea. Usiokote chini, vunja kutoka ukutani kwa nyundo. Nataka jiwe jeusi, zito, lisilo na kutu. Yenye madoa meupe yaache.

Msalimie Mama na Wifi. Mwambie Mama lile koti alilolishona upya halipitishi baridi hata kidogo.

Mdogo wako,
Kokoto


2 Machi

Kokoto, marahaba.

Nina habari, na safari hii siongezi chumvi. Kamati ya mji imelipata lile ghala la machimbo, imelipiga ripu, imetia mlango mpya, na sasa linaitwa Jumba la Kimondo. Watu wa nje watakuja kulitazama Shimo, halafu wataingia humu kuelezwa. Na anayechora ukuta mkubwa, ule unaokutazama ukiingia tu, ni kaka yako.

Wewe unajua nimeishi kwa kuchora nini. Vichwa vya vinyozi. Chupa za soda. Kuku wa kukaanga mwenye tabasamu. Hii ni mara ya kwanza mtu kunipa ukuta na kuniambia, "Chora unavyojua mwenyewe." Nimechora dinosaria. Ni mjusi mkubwa, mgongo wake unafika darini, shingo ameigeuza nyuma, anautazama moto unaoshuka kutoka mbinguni. Jicho lake nimelifuta na kulichora upya sijui mara ngapi. Jana fundi umeme aliingia kufunga taa, akasimama, akasema, "Huyu anajua kwamba anakufa." Nikamwambia hapo ndipo nilipokuwa napatafuta.

Ufunguzi ni Julai. Kando ya mguu wa mjusi nimeacha nafasi ya kuandika namba. Mwenyekiti wa kamati anataka namba kamili kutoka kwako, si ile ya "karibu karibu". Anajigamba kila mahali kwamba kimondo chetu kilishiriki kuwamaliza mijusi wa dunia nzima, na kwamba binti wa hapa hapa ndiye atakayethibitisha. Tupatie hiyo sitini na sita, ndio wakati mijusi walipokwisha, tuipake.

Mawe nitakwenda kuyavunja nikimaliza mkia. Mama ameninyang'anya kalamu, eti aweke mstari wake kama kawaida.

Kaka yako,
Mchora Mabango

Mwanangu, kula. Nyumba nzima inanuka rangi, hata chai ina ladha ya mjusi. Mama.


20 Machi

Kaka,

Nimeisoma barua yako nikacheka peke yangu kwenye ngazi, mpaka msimamizi wangu akauliza kuna nini. Halafu nikafika kwenye ile nafasi uliyoiacha kando ya mguu, na kicheko kikaniishia.

Usipake namba yoyote kwanza. Ngoja nikueleze, maana ukielewa hutanikasirikia.

Ndani ya mwamba kuna potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo inageuka kuwa gesi iitwayo argoni. Inageuka polepole, kwa mwendo usiobadilika, iwe masika au kiangazi. Kimondo kilipopiga, mwamba wa pale uliyeyuka ukawa uji. Mwamba ukiwa uji, gesi yote ya zamani inatoroka. Ukiganda, hesabu inaanza upya, na kila chembe ya argoni inayozaliwa inanaswa mle mle. Kwa hiyo nikiipima ile gesi nijue ni kiasi gani, na potasiamu ni kiasi gani, najua mwamba uliganda lini.

Sasa tazama madoa meupe. Hivyo ni vipande vya mwamba wa kale ambao haukuyeyuka sawasawa. Bado vina gesi yao ya tangu huko nyuma kabisa. Ukipima jeusi likiwa limechanganyika na jeupe, umri unapanda. Jiwe la yule mtaalamu bado lipo kwenye sanduku huku. Nimelitazama kwa hadubini. Limejaa madoa.

Ninachosema ni kwamba namba inaweza kushuka. Na ikishuka sana, kimondo chetu kitakuwa kilianguka wakati mijusi wako wameshakwisha zamani. Sijui bado. Mawe yako ndiyo yatasema, ndiyo maana nayangoja kwa hamu.

Samahani kukuletea haya wakati ukuta haujakauka.

Kokoto


9 Aprili

Kokoto,

Mawe yametoka Ijumaa na gari la mizigo. Barua yako niliipata. Nimekuelewa.

Huku sote wazima. Mama anapumzika, mkono unamsumbua kidogo, kwa hiyo leo haandiki. Usiwe na wasiwasi.

Nina haraka.

Kaka


15 Mei

Kaka,

Mzigo umefika. Nimeanza barua hii mara kadhaa nikaichana, na hii nayo sina hakika nayo, lakini nikikaa kimya nitakuwa nakudanganya.

Nilikuomba mawe meusi yasiyo na doa. Nilikueleza kwa nini. Nilikuandikia kwa maneno ambayo mtu yeyote angeyaelewa kwamba madoa meupe yanaupandisha umri. Ukanijibu kwamba umenielewa. Halafu nafungua mfuko, nakuta mawe yote yana madoa, tena makubwa, mengine yanameta kama kioo. Hakuna hata moja safi. Machimboni pale jeusi tupu limejaa ukuta mzima, nalijua, nimekulia pale. Kupata mfuko mzima wa madoa lazima mtu akae achague. Na yameoshwa, Kaka. Yananukia sabuni. Nani huosha mawe kama si mtu asiyetaka yaonekane yalivyotoka?

Kama ningekuwa mzembe ningeyapima. Ningepata sitini na kitu, mwenyekiti angefurahi, na mjusi wako angebaki ukutani salama. Ninajua ukuta ule ni nini kwako. Najua hujawahi kupewa ukuta kama ule. Lakini hii ni kazi yangu, na jina litakaloandikwa juu yake ni langu.

Sitamwambia mtu. Naomba tu uniambie ukweli.

Kokoto


27 Mei

Kokoto,

Unataka ukweli.

Sikuokota mimi mawe yale. Aliyeokota ni wifi yako. Mimi nilikuwa hospitali na Mama. Alipata kiharusi tarehe ishirini na saba Machi, asubuhi, akiwa anapiga pasi. Mkono na mguu wa kulia vilikufa, na mdomo ulikwenda upande. Nililala kwenye benchi la wodi mpaka manesi wakawa wananiita kwa namba ya kitanda chake. Barua yako ya madoa niliisomea pale, Mama akikoroma kando yangu. Nilikumbuka kwamba gari la mizigo linaondoka Ijumaa, na wewe unangoja. Wifi yako alipoleta uji nikamwambia mlangoni, "Nenda machimboni ukamvunjie Kokoto mawe meusi ya ukutani." La madoa nilisahau kumwambia. Kichwa hakikuwa changu.

Basi alikwenda na nyundo yangu, akavunja, akachagua yale aliyoyaona mazuri. Akayaosha na kuyaanika juani, kwa sababu alisema mtu hatumi vitu vichafu ng'ambo. Nilipomsomea barua yako alinyanyuka akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Mama ndiye aliyenikataza nisikuandikie. Alipopata tu sauti alisema, "Huyo akijua atatupa kila kitu aje kunishika mkono, na mkono wenyewe hausikii." Nikamtii. Labda nilikosea.

Nikufichulie na jingine, maana umeuliza. Nilipoisoma barua yako ya Machi, wazo lilinijia. Nilimfikiria mjusi, nikafikiria madoa, nikafikiria jinsi ingekuwa rahisi. Nikaliacha wazo lipite. Lakini lilikuja, kwa hiyo siwezi kusema umenizulia kitu kutoka hewani. Kinachoniuma ni kwamba uliliamini bila hata kuuliza nyumbani kuna nini. Kabla ya Aprili Mama hakuwahi kukosa kuandika mstari wake chini ya barua yangu tangu uondoke.

Na wewe pia ulinificha. Mwezi wa Februari namba ulikuwa nayo. Ungeniambia pale pale, nisingekaa kulifutafuta jicho lile.

Mama sasa anaweza kuketi. Mdomo umerudi karibu wote.

Kaka


6 Juni

Kaka, shikamoo.

Nilisikia sauti ya Mama jana kwenye simu ya dukani, na bado nasikia lile neno "mwanangu" lilivyomtoka kwa kukwama. Baada ya hapo nilikwenda maabara nikakaa mbele ya mashine bila kuiwasha. Msimamizi aliniuliza kama inasumbua. Nikamwambia hapana, mimi ndiye.

Nisamehe. Sina la kujitetea. Mstari wa Mama niliona haupo. Niliona, Kaka, na nikajiambia mkono unamsumbua kidogo kama ulivyosema, kwa sababu nilitaka kuendelea kufikiria mawe. Mtu akipima mawe namtaka aniambie kila kitu alichokiona, hata kile kisichomfaa. Mimi kwako sikufanya hivyo.

Ni kweli, Februari nilikuwa na namba. Jiwe moja lilitoa thelathini na tisa, jingine arobaini. Jiwe lililoliwa na mvua huvuja gesi na kuonekana changa kuliko lilivyo, kwa hiyo sikuziamini. Lakini nilijua zimekaa mbali mno na sitini na sita. Nilisema "siziamini" kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu ilinisaidia kutokuambia. Yote mawili.

Nilitaka kupanda ndege wiki hii. Mama amekataa. Amesema nikija kabla sijamaliza atajifanya hanijui, na madaktari watamwamini. Nitakuja Desemba.

Mwombe Wifi radhi kwa niaba yangu mpaka nimwombe mwenyewe. Sitakuomba tena mawe. Shimo halina haraka.

Kokoto


19 Juni

Wifi mpendwa,

Ninayeandika ni mimi wifi yako, lakini mwenye barua ni Mama. Yuko hapa kwenye kiti, amefunikwa shuka, ananitolea macho niandike anavyosema bila kupamba. Nimemwambia nitaandika yote, hata atakayokataa.

Mama anasema hajambo. Mguu unakanyaga, mkono bado ni mgeni wa mkono wa pili. Anajifunza kutunga uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto. Mimi nikijaribu kumsaidia ananichapa kwa huo huo wa kushoto, kwa hiyo una nguvu.

Mama anasema aliyekataza usiambiwe ni yeye, kaka yako asilaumiwe. Nimemwuliza kama anaona alifanya vizuri. Amesema, "Andika kwamba nilikosea kidogo." Nimemwuliza, kidogo kiasi gani? Amesema niendelee kuandika.

Anasema alisikia ugomvi wenu wote kupitia ukuta, kwa sababu kaka yako husoma barua kwa sauti akidhani watu wamelala. Anasema mkigombana kwa sababu ya jiwe, mgombane, lakini msigombane huku kila mmoja ana kitu mfukoni anakificha. Yeye mwenyewe ataanza. Daktari amemwambia mkono huenda usirudi. Hili hata sisi hatukulijua mpaka sasa hivi ninapoliandika. Nimeweka kalamu chini kidogo halafu nimeiokota.

Anasema cherehani apewe yule binti wa fundi aliyekuwa akija kwake kujifunza kushona. Iende ikashone, isikae hapa imefunikwa kitambaa.

Sasa mimi. Wifi, yale mawe niliyaosha kwa sabuni ya kufulia nguo nyeupe. Niliona yanang'aa nikafurahi, nikasema hata waseme vyovyote huko maabara, hawatasema ametumiwa takataka. Sina kinyongo na wewe. Nilikuwa nacho kwa siku kadhaa, kisha kikanichosha kukibeba na maji ya kumwogeshea Mama. Ukija nitakuchagulia mawe mwenyewe, machafu.

Wifi yako, na Mama ameweka alama hapa chini kwa mkono wa kushoto. Inafanana na kuku lakini ni jina lake.


8 Julai

Kokoto,

Pamoja na barua hii kuna mfuko. Hukuuomba, najua.

Nilikwenda asubuhi peke yangu. Nilishuka mpaka chini kabisa, pale ambapo ukuta wa machimbo una kivuli, nikaanza kugonga. Jiwe lile likivunjika linatoa sauti kavu kama sahani. Kila nilipopata kipande nilikimwagia maji ya chupa, nikakigeuzageuza juani kutafuta doa. Unajua kazi yangu ni kuangalia rangi, hata ncha ya sindano ya jeupe kwenye jeusi naiona. Yote yenye doa niliyatupa. Kuna moja lilikuwa jeusi kote isipokuwa nukta moja upande wa nyuma, nikalishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikalitupa pia.

Nilikuwa nikifikiri hivi. Nikikuletea mabaya, nitakuwa nimemwokoa mjusi, na kila nikimtazama nitajua anasimama kwa mguu wa nani. Si picha tena hiyo, ni bango la duka. Mabango ya maduka nimechora ya kutosha.

Ufunguzi ulifanyika. Mwenyekiti alikuja siku moja kabla, na kopo la rangi nyeusi na brashi yangu mwenyewe, akanipa mkononi. "Andika sitini na sita, tutarekebisha baadaye." Nikamwambia, "Rangi ya mafuta hairekebishiki, Mwenyekiti, inafunikwa tu." Akasema kuna mafundi wengine mjini. Nikamwambia wapo, na wawili nimewafundisha mimi, lakini ukuta huu nimeuchora mimi na namba itakuja na barua ya dada yangu. Alinuna. Kwenye hotuba aliwaambia wageni kimondo kilianguka "miaka mamilioni mengi sana iliyopita", na wakapiga makofi vile vile.

Wageni waliuliza ile nafasi tupu ni ya nini. Nikawaambia inangoja.

Kaka yako


22 Oktoba

Kaka, shikamoo.

Kimya changu kilikuwa cha kazi tu, safari hii. Mawe yako niliyasaga, nikachambua chembe nyeusi moja moja kwa kibanio chini ya hadubini, nikazifunga kwenye karatasi ya fedha kama peremende, zikapelekwa kwenye mtambo wa nyuklia kupigwa mionzi. Bila hivyo mashine haiwezi kuisoma potasiamu yake. Zikirudi huwezi kuzigusa mpaka zipoe, na kupoa kwenyewe ni kwa wiki nyingi. Nilishinda nikipita mbele ya kabati lao kama mtu anayengoja mkate.

Wiki iliyopita niliwasha leza. Chembe moja inapashwa moto kidogo, inawaka kama kaa, inatoa gesi kiasi, tunapima. Unaongeza moto, inatoa tena, tunapima tena. Jiwe bovu hukupa umri huu, kisha ule, kisha mwingine. Lako lilitoa umri ule ule kila hatua, mpaka likawa tone la kioo lisilo na kitu ndani. Nikaweka la pili, likasema vile vile. La tatu pia. Msimamizi alivuta kiti akakaa, na huyo mtu huwa hakai. Akauliza, "Mawe haya nani aliyachagua?" Nikamwambia ni mchoraji.

Kaka, ni miaka milioni arobaini na moja na laki tatu. Kosa linaweza kuwa laki nne, juu au chini, zaidi ya hapo hapana.

Kimondo chetu kilipoanguka, mijusi wako walikuwa wameshaondoka duniani kwa miaka kama milioni ishirini na tano. Nimejaribu kutafuta njia nyingine ya kulisema hili, sikuipata.

Na mawe ya Wifi sikuyatupa. Nilichomoa madoa meupe peke yake nikayapima, yakatoa zaidi ya milioni mia tano. Kidogo tu cha hayo ndani ya jiwe jeusi, na unapata sitini na sita kamili. Kwa hiyo sasa najua hata kilichompata yule mtaalamu. Alifanya kazi yake vizuri, ila jiwe alilopewa lilikuwa na wazee ndani yake. Bila mfuko wa Wifi nisingeweza kulieleza hilo. Makala tunaiandika, na ninyi wawili mmo kwenye shukrani, mchaguaji wa meusi na mchaguaji wa madoa.

Sijui utafanya nini na ukuta. Chochote utakachoamua, mimi niko nawe.

Kokoto


10 Novemba

Kokoto, marahaba.

Niliipeleka barua yako kwenye kikao cha kamati. Tulikaa mle mle jumbani, kwenye viti vya plastiki, mjusi juu ya vichwa vyetu. Niliisoma yote, hata pale pa karatasi ya fedha. Nilipofika kwenye namba niliisoma mara mbili. Kisha mwenyekiti akaondoa miwani.

"Huyo dada yako hawezi kutuongezea kidogo?"

"Si kilo ya sukari, Mwenyekiti."

"Ana hakika?"

"Ana hakika mpaka laki nne, juu au chini."

Mtu mmoja nyuma akasema yeye hana hakika ya kiasi hicho hata na mwaka aliozaliwa, watu wakacheka, na mwenyekiti mwenyewe akacheka bila kupenda. Mwalimu mkuu akasimama akasema namba ni namba, watoto wake watakuja hapa na watakwenda kuiandika kwenye mitihani, hataki waandike uongo kwa sababu ulichorwa vizuri. Basi wakakubaliana namba yako iandikwe. Ila mwenyekiti akasema mjusi abaki, kama pambo. Nani atajua?

Nikafikiri kwamba hilo ndilo nililokuwa nimeliomba kimoyomoyo tangu Machi, mtu mwingine aseme abaki ili nisiwe mimi. Na yakanitoka mengine. Nikawaambia, "Mtu hawezi kuisoma namba ya dada yangu huku anamtazama mjusi wangu. Mmoja wao atakuwa mwongo, na ataaminiwa yule mkubwa."

Nilianza Jumatatu. Mama aliomba aletwe. Sasa anatembea na fimbo hadi barabarani, kisha anapumzika, kisha anafika. Nilimweka mlangoni kwenye kiti. Nilianzia mkiani, nikapanda na mgongo, nikafunika moto wote wa mbinguni. Jicho nikaliacha. Nilisafisha brashi, nikakunywa maji, nikasafisha brashi tena. Mama akasema, "Unamtesa." Nikampaka. Mama akatazama nje mpaka nimalize.

Siku iliyofuata darasa la tano likaja kabla rangi haijakauka. Nikawaeleza kama ulivyonieleza, mwamba ukawa uji, gesi ikatoroka, hesabu ikaanza upya. Walielewa upesi kuliko kamati. Binti mmoja, mfupi, amefunga viatu kwa kamba, akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo kilimwua nani?"

Nikamwambia, "Mimi sijui. Dada yangu hajui. Mwenyekiti hajui pia, ila hajakubali."

Akafikiri. Akasema, "Lakini kuna aliyekuwepo."

Nikaliweka kopo chini. Miezi yote hii nilikuwa nikimlilia mnyama ambaye hakuwepo, na sikujiuliza hata siku moja ni nani aliyekuwa anakunywa maji pale asubuhi ile mbingu ilipopasuka. Lazima alikuwepo kiumbe wa aina yake, mwenye manyoya, mwenye watoto, hakuwa na habari.

Kwa hiyo ukifika Desemba, kabla hujafungua sanduku, kabla hujala, uje jumbani. Umeshanipa jibu la "lini". Sasa waulize wenzako wanaosoma mifupa, uniletee la "nani". Sitaki jibu la karibu karibu. Ukuta ni mweupe kuanzia sakafuni hadi darini, namba yako imekaa peke yake kwenye kona, na mimi nimeshachanganya rangi ya udongo uliolowa. Sitaugusa mpaka usimame nyuma yangu uniambie miguu ilikuwa na vidole vingapi.

Kaka yako,
Mchoraji